Nyumba ya I na Nyumba ya E

Mwalimu Yusra alikuwa amefika karatasi ya hamsini na tisa kati ya mia moja na kumi alipobishiwa hodi, na hakujiuliza ni nani. Alichoka tu kabla hata ya kuinuka. Tangu Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, bila kupumzika, magoti yalimuuma, na wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuwa wanamwandikia, mmoja baada ya mwingine, kwamba kitenzi "lima" katika kauli ya kutendea ni "limea". Miaka ishirini na minane amefundisha jambo hilo hilo. Lima, limia. Soma, somea. Bado tisa astaafu, na "limea" ilikuwa inamwangalia kutoka kwenye karatasi ya hamsini na tisa kama vile haijawahi kusahihishwa duniani.

Mlangoni alisimama mwanamke kijana mwenye koti la mvua la kijani, mfuko wa nailoni ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, utaloa."

"Mimi ni Doreen," alisema yule binti akiwa bado nje. "Wa mama Esnath. Wa Kyimo."

Yusra akashikilia ubao wa mlango. Habari za msiba wa Esnath alizipata sokoni miezi miwili nyuma, kwa mama mmoja muuza maparachichi ambaye hakujua kwamba anampa habari ya mtu wake. Siku ya mazishi hakwenda. Aliwaambia wenzake shuleni kwamba ana vipindi vinne, na kweli alikuwa navyo, akavifundisha vyote vinne, na jioni hakukumbuka hata kimoja alichosema.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Pole. Pita ukae."

Doreen alikaa ukingoni mwa kiti, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi, imevimba kwa maji hadi haifungiki tena.

"Mama aliandika hii miaka miwili aliyougua. Kila siku. Baba alikuwa anamuuliza unaandika nini, anasema ni nyimbo za kwaya." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Baada ya matanga baba akaifungua, akasema haya si maandishi ya binadamu, ni uchawi, akaitupa nje. Niliiokota kwenye migomba siku ya pili yake. Ilikuwa imenyeshewa sana."

"Na kwangu umekujaje?"

"Nikiwa mdogo alikuwa ananibembeleza kwa maneno fulani. Nikamuuliza ni lugha gani hiyo. Akasema ni ya kwake na mwalimu mmoja wa Bulyaga."

Yusra aliivuta kaunta buku kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa sufuria asiyoijua kama ni ya moto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwajuka lakini unasomeka. Mwandiko ule ule, herufi zimeegemea kulia, na z yenye mkia mrefu unaoshuka hadi kukata mstari wa chini.

*Lusikisi.*

Hakuwa ameliona neno lile kwa miaka thelathini na zaidi, na lilimfungukia bila kumwomba ruhusa.

"Mvua ilinyesha," alisema.

Doreen akaanza kulia.

*

Waliitunga lugha ile mwaka wa themanini na nane, wakiwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana. Yusra, binti wa muuza duka wa Kiislamu wa hapo hapo Tukuyu mjini. Esnath, binti wa mkulima wa ndizi na chai wa Kyimo, Mmoraviani. Vitanda vyao vilikuwa juu na chini. Matroni wao alikuwa na tabia ya kupekua masanduku na kusoma kwa sauti, mbele ya bweni zima, barua na vikaratasi vya wasichana. Kwa hiyo wakaanza kubuni maneno. Kula ikawa *dona*. Kuchoka ikawa *tafa*. Kuja, *suna*. Walikuwa wameshafika maneno sitini hivi, wanayapanga kama mawe, na lugha ikabaki haina uhai.

Kisha mwalimu wa Kiswahili akaandika ubaoni: pika, pikia, lala, lalia, ruka, rukia. Chini yake: cheka, chekea, soma, somea. Akawaambia wasikariri, wasikilize. Esnath akanyoosha mkono.

"Hata kwetu, Mwalimu. Kinyakyusa kinafanya hivyo hivyo. Bomba ni fanya kazi, bombela ni fanyia kazi."

Jioni ile, wakifua sare, Esnath alisimama na povu hadi kwenye viwiko akasema: "Unajua shida ya lugha yetu? Haina mikia."

Wakaipa mikia. Irabu tano wakazigawa katika nyumba mbili. Nyumba ya I walikaa a, i na u. Nyumba ya E walikaa e na o. Kitenzi kikishatoka nyumba fulani, mikia yake yote, hata iwe mitatu au minne, lazima ivae nguo za nyumba hiyo, bila msamaha. *Tafa* ni wa nyumba ya I, basi nilichoka ni *tafikimi*. *Dona* ni wa nyumba ya E, basi nilikula ni *donekeme*. Ukanushi ulikuwa *zi* kwa hawa na *ze* kwa wale. Kiswahili chenyewe si kikali namna hiyo, lakini wao walikuwa na miaka kumi na minne na walipenda sheria walizojiwekea wenyewe. Mmoja akikosea mkia, mwenzake anamchapa kwa rula kwenye ukucha. Waliiita Kiesyu, kwa majina yao mawili.

Kuna maneno mawili Esnath aliyatunga siku moja, baada ya ugomvi wao mdogo wa sabuni. *Pula*, kusamehe. *Pola*, kusahau.

"Yanafanana mno," Yusra alimwambia. "Tutachanganya."

"Hatuchanganyi. Hili la nyumba ya I, hili la nyumba ya E. Nilisamehe, *pulikimi*. Nilisahau, *polekeme*. Hata ukisikia mwisho tu, unajua."

*

Wakakubaliana Doreen awe anakuja Jumamosi mchana. Alikuwa anauza kwenye duka la dawa Mbeya, Mwanjelwa, zamu za asubuhi na za usiku zikimpokezana, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kupumua. Hapumui lakini, anapanda gari kuja Tukuyu. Alifika kila mara macho yamemwiva, akakaa mezani kwa Mwalimu na daftari lake dogo la kuandikia tafsiri.

Yusra hakujua kwamba anakumbuka kiasi kile. Maneno mengine yalikuja yenyewe. Mengine aliyangoja kama mtu anayengoja chafya. Mengine hayakuja kabisa, na wakaacha nafasi.

Doreen alitarajia siri. Hilo lilionekana usoni pake. Alichokikuta ni mvua ilinyesha, mvua haikunyesha, nilikula ndizi nusu, sikula, nilichoka, mbuzi wa jirani ameingia kwenye maharage. Ukurasa baada ya ukurasa. Mara moja moja sentensi moja ilikuwa na uso: *Leo amenisemesha vizuri na nikaogopa zaidi.* Au: *Daktari kijana, mikono ya baridi, amesema mama vumilia. Nivumilie nini kingine.*

"Haya ndiyo alikuwa anamficha baba?" Doreen aliuliza Jumamosi ya pili. "Mbuzi?"

"Alikuwa anataka mahali pasipopekuliwa," Yusra alisema. "Hata kama hana cha kuficha."

Alimfundisha zile nyumba mbili, na binti alizishika upesi kuliko mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne. Kufikia kurasa za katikati alikuwa anabashiri mikia kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Ndiye aliyeona kwanza kwamba kuna kitu kinaharibika.

"Hapa kaandika *donikimi*. Si ilitakiwa *donekeme*?"

Yusra akavaa miwani vizuri. Ilikuwa *donikimi* kweli. Aligeuza ukurasa, akakuta nyingine, na nyingine mbele yake. Esnath, aliyekuwa anamchapa rula kwenye ukucha.

"Alikuwa amezidiwa," alisema. "Mkia unataka uukumbuke mwanzo wa neno wakati unafika mwisho. Mtu akichoka, mwanzo unamtoka."

Doreen aliandika hilo pia kwenye daftari lake dogo, ingawa halikuwa tafsiri.

Jumamosi ya tatu, saa tisa hivi, mwanga wa dirishani umekuwa wa kijivu, wakafika ukurasa ambao maji yaliupiga vibaya zaidi. Katikati kulikuwa na doa la wino la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Juu yake lilisomeka jina, peke yake kwenye mstari. *Yusra.* Mstari uliofuata ulianza na herufi p, kisha doa, kisha, upande wa pili wa doa, herufi mbili zilizopona: *me*.

Yusra aliziona zote kwa mara moja.

"Ni jina lako," alisema Doreen. "Anasema nini?"

"Hapa hapasomeki."

"Hata kidogo?"

"Maji yamekula. Twende mbele."

Doreen alimtazama kidogo. Kisha akaangalia saa, akasema gari la Mbeya litamwacha, na zamu yake ya kesho inaanza saa moja asubuhi. Aliuliza kama anaweza kuiacha kaunta buku hadi wiki ijayo, kwenye gari inaumia. Yusra akasema iache.

*

Sasa lazima isemwe Yusra alifanya nini.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne. Esnath alikuja nyumba hii hii ya Bulyaga siku ya soko, asubuhi, mkono wa kushoto umevimba hauinuki. Alisema anataka siku tatu tu. Kaka yake Andrea alikuwa njiani kutoka Chunya kuja kumchukua, na akishafika ataondoka naye na atatuma mtu amlete Doreen, hatarudi kwa mumewe Wilson tena. Yusra akampa chumba cha nyuma. Hakumwambia mtu yeyote.

Lakini mwaka ule mama yake Yusra, bibi Mwanabibi, alikuwa kitandani mwezi wa tano amepooza upande mmoja. Anageuzwa kila baada ya saa mbili, anabadilishwa shuka, analishwa uji kwa kijiko, anapiga kelele usiku kumwita mumewe aliyekufa zamani. Shuleni mwalimu mwenzake alikuwa likizo ya uzazi na vipindi vyake vyote vimemwangukia Yusra. Ndugu zake Mansuri na Abbasi walikuwa wanapiga simu kutoka Dar es Salaam kuuliza mama anaendeleaje.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Wilson alikuja kwenye geti la shule na mjomba wake, mzee Ambindwile. Walikuja na adabu zote. Walivua kofia.

"Mwalimu, tunamtafuta mwenzetu," alisema mzee. "Watoto wanalia. Tunataka tu kujua kama yu mzima."

Yusra alikuwa hajalala siku mbili. Darasani watoto hamsini walikuwa wanapiga kelele, na kichwani hesabu moja tu ilikuwa inazunguka, kwamba saa nne na nusu mama lazima ageuzwe na jirani anaweza kusahau. Alitaka watu wale wawili waondoke mbele yake, basi.

"Yuko kwangu," alisema. "Nendeni mkayamalize."

Aliporudi mchana chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na mama yake amegeuzwa ubavu mwingine na kufutwa uso. Esnath aliifanya kazi hiyo kabla ya kwenda nao. Andrea alifika kesho yake, akakuta mdogo wake amesharudishwa na wazee wamekaa kikao, akala chakula, akageuza kurudi Chunya.

Kwa miaka kumi na moja Esnath alimpita Yusra sokoni kama mtu anavyopita meza ya nguo asizotaka kununua. Hakuwahi kumtukana wala kumsengenya. Wilson alimwambia mwenyewe njiani siku ile, kwa furaha, ni nani aliyewaelekeza.

*

Wiki ile Yusra alifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila akitoka shuleni alikaa na kaunta buku na kalamu ya risasi, karatasi za mtihani amezisukuma pembeni, akatafuta kosa.

Kwa sababu kama Esnath alikuwa anakosea mikia, basi inawezekana *me* ile ilikuwa kosa. Inawezekana alitaka kuandika *mi*. Inawezekana chini ya doa lile palikuwa na *pulikimi*, nilisamehe, na mkono mgonjwa ukateleza mwishoni. Neno zima lilining'inia kwenye herufi moja, na nani wa kumbishia? Wazungumzaji wa Kiesyu walikuwa wawili na mmoja amezikwa Kyimo. Angeweza kumwambia Doreen lolote.

Alihesabu makosa yote. Yalikuwa sitini na saba. Alhamisi alimaliza, akaweka kalamu chini.

Makosa yote sitini na saba yalikuwa ya upande mmoja. Pale palipotakiwa e, Esnath aliandika i. Hapakuwa na hata mahali pamoja ambapo palitakiwa i akaandika e. Ikawa wazi kabisa, kama vile wanafunzi wanavyokuwa na kosa lao moja wanalolirudia. Alipochoka, alianguka nyumba ya I, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo iliyo karibu. Kufika nyumba ya E kulimgharimu nguvu. Kwa hiyo kila e iliyokuwa kwenye kurasa zile za mwisho ilikuwa e aliyoikusudia. Siku ile alikuwa amekusanya akili zake zote ili aiandike.

Lilikuwa *pola*. Kusahau.

Aliinua ukurasa, akauweka dhidi ya kioo cha dirisha. Doa lilikuwa zito, lakini chini yake, ukishuka hadi kukata mstari, ulichomoza mkia mmoja mrefu wa z. Palikuwa na *ze*. Palikuwa na ukanushi.

*Polekezeme.* Sikusahau.

Chini ya doa mistari miwili mifupi ilikuwa safi kabisa, na alikuwa ameiona tangu Jumamosi akajifanya hajaiona. *Tafikisi. Tafikimi no.* Alikuwa amechoka. Na mimi nilikuwa nimechoka.

Yusra hakulia. Alikwenda kuchukua udhu kwa ajili ya alasiri, akasimama bombani, maji yakamwagika mikononi muda mrefu kabla hajakumbuka kuanza. Angefarijika zaidi kwa msamaha, na pengine hata kwa laana. Esnath hakumpa kimojawapo. Alikuwa ameandika tu kilichotokea, akajiandika na yeye mwenyewe ndani yake.

*

Jumamosi Doreen alipokaa, Yusra hakumngoja afungue daftari.

"Wiki iliyopita nilikudanganya. Panasomeka." Akamsomea. Kisha akamwambia yote: mkono uliovimba, siku tatu, Andrea, geti la shule, wazee na kofia zao, maneno mawili aliyowaambia na mawili aliyoongeza. Hakumtaja bibi Mwanabibi hadi mwisho, na alipomtaja alisikia sauti yake inaanza kujitetea, akanyamaza.

Doreen alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Alikuwa anaondoka," alisema taratibu. "Alikuwa anaondoka kweli."

"Ndiyo."

"Na alitaka nifuate."

"Alisema atatuma mtu akuchukue. Ndilo jambo la kwanza alilosema."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema Doreen. "Aliporudi na baba, bibi yangu alinishika bega akaniambia, umeona, mama yako karudi kwa ajili yako, usije ukamsumbua. Nikawa mtoto mzuri. Sikumsumbua. Kila alipopigwa, mimi najua yuko pale kwa sababu yangu. Nimekwenda Mbeya najua. Nimemzika najua." Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kumbe ni mwalimu mmoja alikuwa amechoka."

Yusra alitaka kusema samahani, akaona jinsi neno hilo lilivyo jepesi mezani pale, akasema hivyo hivyo.

"Nisamehe, Doreen."

Doreen aliichukua kaunta buku, akaifunga na mfuko wake, akavaa koti la kijani. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana la kusema, akaangalia tu mle ndani, kiti, meza, korido ya kwenda chumba cha nyuma.

"Ni kile pale alicholala?"

"Ni kile."

Akaondoka bila kuaga.

*

Jumamosi nne zilipita. Yusra alifundisha, akasahihisha, akamaliza karatasi, zikaletwa nyingine. Alipiga simu mara moja, haikupokelewa, hakupiga tena. Siku moja alipanda pikipiki hadi Kyimo, akaelekezwa makaburi ya akina Esnath nyuma ya migomba, akasimama pale na mwavuli kwa dakika chache. Udongo ulikuwa bado haujashuka. Wilson alitokea upande wa zizi, amezeeka, ametupia sweta la kike mabegani, akamsalimia kwa Kinyakyusa bila kumtambua, *ugonile, mama*, akamuuliza kama ni mtu wa kanisani. Yusra akasema hapana. Mzee akasema ndaga, asante kwa kuja, akaendelea na shughuli zake. Kumchukia pia kulitaka nguvu, na Yusra siku ile hakuwa nazo. Alirudi mjini magoti yakiwaka moto.

Jumamosi ya tano hodi ikabishwa.

"Sijaja kwa ajili yako," alisema Doreen akiwa bado kizingitini. Hakuamkia. "Zimebaki kurasa kumi na moja, na sina mtu mwingine."

"Najua. Ingia."

Walifanya kazi bila mazungumzo ya pembeni. Doreen alisoma mwenyewe sehemu kubwa, Yusra akitia neno pale tu alipokwama. Kurasa zile zilikuwa na maneno machache, yametawanyika, mwandiko umelegea. Mikia iliendelea kuharibika, kisha ikaanza kukatika. Kwenye ukurasa wa tatu kutoka mwisho hapakuwa na mkia hata mmoja. Esnath alikuwa ameacha kupatanisha irabu, ameacha nyakati, ameacha nani kafanya nini. Vilibaki vitenzi vitupu. *Lusa.* Nyesha. *Tafa.* Choka. *Dona.* Kula.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja.

*Doreen suna.*

"*Suna* ni kuja," alisema Doreen kabla Mwalimu hajasema.

"Ndiyo."

"Nilikuja? Sikuja? Au anasema nije?"

"Halina mkia, mwanangu. Mkia ndio unaosema."

Doreen akaweka kidole chini ya mstari ule. "Wiki ile ya mwisho nilikwenda Alhamisi," alisema. "Nikamkuta amelala. Nilikaa saa moja, nikaweka machungwa pale kando, nikaondoka sikumwamsha, nilikuwa na zamu. Jumamosi wakanipigia simu. Sijui kama aliambiwa nilifika."

Yusra angeweza kulimalizia neno lile. Lilikuwa la nyumba ya I, na mikia yake aliijua yote.

"Angeandika *sunikisi*, lingekuwa alikuja," alisema. "*Sunikizisi*, hakuja. Lakini yeye hakuandika hivyo, na mimi siwezi kumwandikia."

"Usimwandikie."

"Siandiki."

Doreen akalinakili neno kwenye daftari lake dogo kama lilivyo, *suna*, na mbele yake akaacha nafasi. Akafunga kalamu. Nje mvua ilikuwa imepungua hadi kuwa ule ukungu wa Tukuyu usiojulikana kama unashuka au unapanda. Alijiegemeza kitini, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, mabega yake yalishuka.

"Kuna chakula?" aliuliza macho yakiwa bado yamefumbwa. "Nimetoka zamu moja kwa moja. Sijala tangu jana."

Yusra alishika ukingo wa meza akainuka. Kulikuwa na kande za mchana, alizipasha, akakata parachichi, akaleta sahani mbili. Walikula pale pale mezani bila kusemeshana, kila mmoja na uchovu wake, na Doreen akaongeza mara mbili.